Kopo la Soya Mezani kwa Daktari

Mlango wa daktari haukufunga vizuri, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tulisikia yote. Ndani alikuwa bibi mmoja wa Mpitimbi, anayemeza vidonge vya baridi yabisi miaka mingi. Alishaonywa kwamba vidonge hivyo vinakula mifupa, na leo alifuata majibu ya kipimo.

"Bibi, mifupa yako haijapungua hata kidogo," daktari, binti mdogo tu, alisema. "Umefanyaje?"

Tulimwombea anyamaze. Kwetu tiba za nyumbani hazitajwi mbele ya koti jeupe. Unaitikia kwamba unafuata maelekezo, unaondoka. Yeye akatua kopo mezani, tukasikia kishindo.

"Vidonge vyako nameza vyote, mwanangu. Na uji wa soya hii ya shambani kwangu, kila asubuhi. Haya, nigombeze."

Daktari akacheka. "Siwezi kuapa kwamba ni soya, bibi. Ila wataalamu wanavichunguza viambato vyake kwa ajili ya mifupa. Ngoja niandike kwenye faili."

"Andika na kijiji!"

Alitoka amelinyanyua kopo kama kombe la mpira, benchi zima tukampigia makofi. Mama jirani yangu akafungua pochi, akatoa kichupa cha dawa ya miti alichokificha chini ya leso. Mimi nami, ninayewahubiria wasomaji ukweli kila wiki, nikapapasa mfukoni. Mizizi yangu ilikuwemo, nimeifunga kwenye ukurasa wa gazeti hili hili, upande wenye safu yangu.