Kopo la Pilipili la Bi Shukriya

Miaka minne nimemfanyia kazi Bi Shukriya hapa Birkat al Mauz, Oman, na sijapata kumwona akiomba ruhusa kwa mtu. Kazaliwa Mwanza, ana miaka sitini na sita, na mbuzi wake huwalisha mwenyewe, mimi nikimfuata, chini ya mlima, nje ya mashamba ya migomba. Mbwa koko walipomla mbuzi wa pili, wakabaki kumi na mmoja, mwanawe Bassam, anayefanya kazi Nizwa, alileta kopo la kupuliza pilipili, lile la kufukuzia dubu.

"Akiliwa mwengine, mama, Ijumaa nawapeleka wote sokoni," alisema.

Nilikasirika. Bila mbuzi wale, mama wa watu angeshinda kitandani akilalamikia magoti.

Siku ya kwanza alitutia aibu. Alilishika kopo kama chupa ya marashi, akapuliza kidogo mbele ya wageni wa kahawa, apate kujua harufu yake. Tulitoka nje sote, machozi na makamasi. Nilicheka baadaye sana.

Tangu hapo akawa mwanafunzi. Bassam alimsomea maelezo mara tatu. Kopo likafungwa kiunoni, juu ya abaya, si mkobani chini ya tende. Kila tukifika malishoni aliinua ncha ya shela kuangalia upepo.

Alhamisi asubuhi mbwa watatu waliteremka kutoka majabalini. Upepo ulitupiga usoni.

"Wapulizie, bibi," nilisema.

"Wallahi nikipuliza sasa, pilipili tutaila sisi. Nifuate polepole. Usikimbie."

Tukazunguka kwa ubavu, macho kwa mbwa, mpaka upepo ukawa mgongoni na mbuzi nyuma yetu. Bibi kang'oa kizuizi cha kopo, anangoja. Mbwa wa mbele alipobakisha hatua kama kumi, akapuliza chini kidogo, mbele ya pua yake, sekunde mbili tu. Wingu jekundu likatanda. Mbwa akapiga chafya, akageuka, akatimua mbio na wenziwe wote.

"Yalla, tuondoke hapa. Na usijifute macho."

Ijumaa Bassam alifika na pikapu. Jirani alikuwa amemwambia habari za mbwa tu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na gari."

"Marahaba, baba. Mbuzi wangapi hao?"

Akatazama zizini. "Kumi na mmoja."

"Basi nenda sokoni uniletee beberu. Huyu wangu kazeeka."