Mbuzi Anazama, Wazee Wanasalimiana

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya katuni kule Kitengela na chupa mbili za chai, kwa sababu chai ndiyo nilikuwa nawauzia. Mkuu wa Hadithi, yule anayeamua nini kitachorwa, aliniambia niweke chupa chini nikae mezani.

"Yeyo," akasema, vile sisi Wamaasai huita mama, "kila siku unagombeza vijana wangu na wote wanacheka. Andika hivyo hivyo. Nakupa mwezi mmoja. Hadithi ikikataa, unarudi kwa chai."

Nilikuwa na masomo ya darasa la nne na magoti yamechoka kubeba chupa. Nikaamua sirudi.

Katuni haianzi na kuchora. Inaanza na skripti, maandishi ya nani anafanya nini. Halafu Mchoraji Mkuu anaibandika ukutani kwa michoro midogo, mmoja baada ya mwingine. Huo ndio ubao wa hadithi. Hapo uvivu wako unaonekana na kila mtu.

Skripti yangu ilikuwa ya mbuzi amekwama kwa tope la bwawa. Mchungaji anakimbia kuita mzee. Sasa mimi nimezaliwa Kajiado, na kwetu humrukii mzee na shida. Unamsalimia, unampa habari zote: mvua, watoto, ng'ombe, wote salama. Ukimaliza ndio unasema "ila". Niliandika kurasa tatu za salamu.

Mkuu alisoma akaweka karatasi chini. "Yeyo, mbuzi anazama na hawa bado wanasalimiana."

"Unataka waonekane hawakulelewa?"

"Nataka mtoto asizime TV. Toa salamu."

"Salamu sitoi."

Mchoraji Mkuu, dada wa Kisomali aliyekulia dukani kwa baba yake Ngong, alikuwa anasikiliza. "Hata kwetu mjomba hakatizwi," akasema. "Lakini Yeyo, umeandika kama ni redio. Mbuzi umemsahau." Akachora wanaume wawili, na nyuma yao mbuzi mdogo. "Mdomo ukiwa mbele, mchezo uweke nyuma."

Nilifuta na kuandika mpaka karatasi zikatoboka. Kurasa tatu zikawa nusu ukurasa. Ng'ombe salama, mbuzi anazama hadi magoti. Watoto salama, hadi tumbo. Mama yako je, hadi shingo. Hakuna anayegeuka. Mwishowe mbuzi anachoka kungoja, anajivuta kwa mzizi, anatoka, anakuja kusimama katikati yao akidondosha tope. Hapo nikaweka pigo, yaani kimya ambapo hakuna anayeongea ili macho yafanye kazi. Ndio mchungaji anasema, "Ila mbuzi anazama."

Mwezi ulipoisha katuni ilikuwa imechorwa, tukaenda kuionyesha Kajiado, kwa ukuta wa ukumbi wa kanisa. Wazee walikaa mbele na fimbo zao. Salamu zikaanza, na wao wakaziitikia, "Epa," wakiangalia ukuta kwa heshima zote. Hakuna aliyecheka. Mbuzi akazama hadi tumbo, kimya. Hadi shingo, kimya. Mkuu akaniangalia. Mimi nikaangalia mbele.

Mbuzi akatoka, akasimama. Mzee mmoja akasema, "Huyu ndiye amelelewa. Amengoja tumalize."

Ukumbi ulicheka mpaka fimbo zikaanguka. Ile "ila" yangu haikusikika kabisa.

"Hilo pigo ni fupi," Mkuu akaniambia nje. "Jumatatu uje uliongeze." Hivyo ndivyo nilijua niko na kazi.

Niliifanya hapo Kitengela, kisha Ngong, chini ya wakuu watatu. Nimestaafu sasa kwa sababu ya macho. Vijana wananiuliza kama kuchekesha ni kipaji. Hiyo sijui. Ninajua kufuta, na ninajua watu wakinyamaza kosa si lao.

Juzi msichana wa Matasia aliniletea skripti ya kurasa ishirini, akanisomea yote. Nilicheka mara moja, ukurasa wa kumi na tisa. Nikamwambia hadithi yake inaanzia hapo, kurasa za mbele achome. Alinuna. Lakini kabla hajafika kwa lango nilimwona amesimama, amezikunja kurasa kumi na nane, anamwomba jirani kiberiti.