Mama Deki asubiri nusu fainali, bintiye yuko timu pinzani

Saa moja asubuhi, ukumbi wa michezo bado una harufu ya viatu vya jana. Taa mbili tu zimewashwa. Mwanamke mwenye koti la bluu la kazini anavua ndala zake mlangoni na kuingia miguu mitupu kwenye sakafu ya mbao, taratibu, kama anaingia chumba alicholala mtoto. Dekio lake ni pana kuliko mlango, hivyo analipitisha kiubavu.

Haanzii karibu. Anatembea hadi mwisho kabisa wa uwanja, kwenye benchi la wageni, na kutoka hapo anasukuma dekio mstari mmoja hadi kwenye benchi la Kozi, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu inayotumia ukumbi huu kama nyumbani kwake. Akifika, analiinua dekio, anarudi nalo begani, anaanza mstari wa pili. Hasukumi kurudi hata siku moja.

Juu ya ngazi za watazamaji, watu watatu wanamfuatilia kwa macho bila kupepesa.

"Umeona? Kaanzia kule kule," anasema mmoja wao, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni. "Bahati lazima isukumwe ije kwetu."

Huyu anayesukuma bahati ndiye Mama Deki. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mhasibu wa klabu peke yake. Kwa wengine wote, kuanzia kocha hadi muuza maji wa getini, yeye ni Mama Deki, na akiitwa vingine hageuki.

Kazi yake inaonekana nyepesi mpaka uione siku ya mechi. Hukaa kwenye kigoda nyuma ya goli, taulo mapajani. Mchezaji akianguka, jasho lake linabaki sakafuni. Refa ananyoosha kidole, Mama Deki anakimbia, anapiga magoti, anapangusa, anakimbia kutoka kabla kipenga hakijalia. Watu elfu wanamtazama na hakuna anayemwona.

"Jasho ni baya kuliko maji," anasema. "Maji unayaona. Jasho unalijua ukishakuwa chini."

Mfanyakazi wa ukumbi haruhusiwi kushangilia, na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu Mama Deki ni shabiki wa Kozi wa kufa na kuzikana. Alipoulizwa anavumiliaje, alicheka, akanyoosha mguu.

"Nashangilia kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu. Siku tukishinda narudi nyumbani nachechemea."

Habari ya kusukuma bahati ilianza kwa kitasa. Miaka kadhaa iliyopita, Kozi wakiwa wanafungwa kila wiki, mlango wa stoo uligoma kufunguka. Mama Deki akazunguka kwa mlango wa pili, akajikuta anaanza deki upande wa wageni badala ya upande aliouzoea. Jioni ile Kozi walishinda. Wiki iliyofuata kitasa kilikuwa hakijatengenezwa, na walishinda tena. Kilipokuja kutengenezwa, ilishakuwa sheria.

Tangu hapo mashabiki huwahi mapema kuhakikisha. Mwaka juzi Mama Deki alipougua, kibarua aliyeshika nafasi yake alipiga deki kuelekea upande wa wageni. Kozi walifungwa vibaya. Hakuna aliyemkumbuka kocha wala wachezaji. Kijana wa watu alilaumiwa hadi akabadilisha njia ya kwenda sokoni.

Yote hayo yalikuwa mzaha wa wapenda mpira, mpaka wiki iliyopita ilipotoka ratiba ya nusu fainali. Jumamosi hii Kozi watacheza na Ngurumo, timu ya mji wa jirani. Ni mechi moja tu, atakayefungwa msimu wake umeisha.

Na mchezaji tegemeo wa Ngurumo, anayetumia mkono wa kushoto na ambaye mashabiki wanamwita Mashoto, ni binti wa kwanza wa Mama Deki.

Pale kwenye ngazi, hesabu za Jumamosi zinapigwa kila asubuhi kabla watu hawajaenda kwenye shughuli zao. Mwenyekiti wa kujiteua ni mwalimu mstaafu, ambaye wenzake wanamwita Mwalimu.

"Tuseme ukweli," anaanza. "Dada yetu mrefu goti bado limevimba. Akicheza dakika kumi, tumshukuru Mungu. Mpira ukikosa goli, ribaundi zitatoka wapi?"

"Zitatoka kwa wanaoruka," anajibu dada muuza mayai, ambaye trei zake ziko pembeni zimefunikwa kanga. "Wewe unahesabu urefu tu. Mbona juzi tulishinda bila yeye?"

"Juzi hatukucheza na Mashoto."

Chini uwanjani dekio linaendelea kuteleza, na ingawa ukumbi unarudisha kila neno, Mama Deki hainui kichwa.

Fundi Cherehani anainama kwenye kizuizi. "Mama Deki, samahani. Hivi huyu mtoto, akibanwa upande gani ndiyo anakosea?"

"Akiwa na njaa," anajibu Mama Deki, mgongo umewaelekea.

Wanacheka, naye anacheka kidogo. Lakini swali lenyewe wamelibeba wiki nzima, na si la njaa. Wanataka kujua Jumamosi atapiga deki kuelekea wapi. Kuna hata waliomwendea meneja wa ukumbi kunong'ona kwamba huyu mama apewe likizo siku hiyo, apumzike, asijitie majaribuni.

"Mkimpa likizo, nani atapiga deki? Yule kibarua?" Dada wa Mayai aliwauliza. Wanamwogopa akiwepo, na wanamwogopa zaidi asipokuwepo.

Wasichokiulizia kwa sauti ni kwamba Mama Deki na bintiye hawajaketi meza moja kwa misimu miwili.

Mashoto alikulia humu. Shule ikifungwa mchana, mama hakuwa na wa kumwachia, hivyo alikuja naye. Alifanya mazoezi ya hesabu chini ya ngazi, alilala kwenye mikeka ya sarakasi, akaanza kudunda mpira nyuma ya dekio la mama yake kabla mikono haijaweza kuushika vizuri. Baada ya mechi waliokota chupa pamoja, safu kwa safu. Baba yake, ambaye ni seremala, alikata mpini wa ufagio mmoja ili umfae.

Alipofika umri wa kujaribiwa, alijaribiwa na Kozi. Mama yake siku hiyo alikuwa kazini, upande wa pili wa uwanja, akijifanya anapangusa viti.

"Nilipangusa kiti kimoja mpaka rangi ikataka kutoka," anakumbuka.

Kocha wa wakati huo alimpima kwa macho, akasema ana kipaji lakini ni mfupi, arudi akirefuka. Mtoto alitoka bila kulia. Alilia nyumbani, akalia usiku kucha, na asubuhi alipomwona mama yake anavaa koti la bluu, maneno yakatoka.

"Aliniuliza, 'Unaendaje kuwafutia sakafu watu walionikataa?' Nikamwambia, 'Na wadogo zako watasoma kwa pesa gani?' Nikaongeza na mengine ambayo sikuwa na haja ya kuyasema. Nilimwambia mpira si kazi."

Hapo Mama Deki anasimama. Anakunja taulo, analikunjua, analikunja upya.

"Nilimwambia mimi mwenyewe, niliyemlea kwenye mpira."

Binti alihamia kwa shangazi yake, mji wa jirani, akaapa hatakanyaga ukumbi huu tena. Ngurumo walimchukua na ufupi wake. Nyumbani hajarudi kulala hata sikukuu. Salamu hupita kwa baba yake, ambaye huzibeba kwenda na kurudi na, kwa maelezo ya mkewe, huziongezea chumvi njiani.

Kazi Mama Deki hakuiacha. Nusu ya mshahara huishia kwenye kodi ya nyumba, nusu kwenye ada za wadogo zake Mashoto. Mechi za Ngurumo huzisikiliza kwenye simu akiwa stoo, mlango umefungwa, sauti chini. Mashabiki wa Kozi hawajui hilo, ama walikuwa hawajui mpaka leo.

Kuna jambo Mashoto hulifanya kabla ya kuingia goli kwa kushoto. Ni alama ndogo sana, ameifanya tangu akiwa na miaka saba, na mlinzi akiijua atamsubiri pale pale. Mama Deki alimwonyesha mwandishi huyu, kisha akamshika mkono.

"Hiyo usiiandike, mwanangu. Tafadhali." Haijaandikwa.

Saa mbili kasoro, meneja anapita na kumwambia kwa upole kwamba barua ya likizo iko tayari, ni yeye tu. Mama Deki anaitikia, "Nimesikia, bosi," na kwenda kwenye ngazi za chini kukamua tambara. Hajasema ndiyo wala hapana. Uso wake umebadilika, na Dada wa Mayai, aliyekuwa anaondoka, anaweka trei chini na kurudi kukaa.

Simu inaita ndani ya mfuko wa koti. Mama Deki anafuta mikono, anaitazama, anaitazama tena. Anaketi kwenye ngazi kabla ya kuipokea.

"Mama, shikamoo." Ukumbi ni mtupu; sauti ya simu inamfikia aliye karibu, juu ngazini inafika ya mama tu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nasikia wanakupa likizo Jumamosi."

"Nani kakwambia?"

"Baba."

"Baba yako ni redio."

Upande wa pili kuna kicheko kifupi ambacho hakikukusudiwa. Mama Deki anaweka kiganja mdomoni. Huenda ni miaka miwili hajakisikia.

"Mama, usiichukue hiyo likizo. Na upige deki vile vile unavyopiga, kuelekea kwao. Nikiwafunga, sitaki mtu aje aseme mama yangu alinisukumia bahati."

"Na wakikufunga?"

Fundi Cherehani, aliyekuwa anajifanya anatafuta kitu mfukoni, anaacha kujifanya.

"Wakinifunga, nitabaki tuokote chupa."

"Na ukishinda?"

"Nikishinda pia. Mwambie baba asipike, anaunguza. Nitakuja kula mlichonacho."

"Na kulala?"

"Na kulala, mama."

Simu inakatika, lakini Mama Deki bado ameishika sikioni. Machozi yanamtoka, hayafichi. Dada wa Mayai anashuka na kuketi naye, anamshika bega. Ni Fundi anayeshindwa kuvumilia.

"Samahani, Mama Deki. Kasemaje kuhusu deki?"

"Kasema nipige kama kawaida. Kuja kwenu."

Fundi anashusha pumzi ya wiki nzima. Kisha uso unamkunjamana. Anamgeukia Mwalimu. "Sasa kama yeye mwenyewe haogopi, si ndiyo tumekwisha?"

"Tumekwisha kabisa," anasema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaonekana ana furaha. "Lakini nitakuja kuangalia."

Mama Deki anajipangusa uso kwa taulo la kazi, anakwenda kumrudishia meneja jibu lake: barua ya likizo ichanwe. Mpango wake wa Jumamosi ni huu. Atapiga deki kuelekea Kozi, mistari yote, bila kuiba hata mmoja. Halafu, kabla milango haijafunguliwa, atarudi kwa magoti na taulo kavu kwenye magoli yote mawili, upande wa kushoto, pale ambapo mtu wa mashoto hutua anaporuka.

"Bahati ni yao, wameizoea," anasema. "Mimi nataka asiteleze tu. Wakimfunga, wamfunge amesimama."

Alipoulizwa vidole vya miguu vitashangilia upande gani, alifikiri.

"Ninavyo kumi. Tutagawana."

Anaingia stoo kurudisha dekio. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, unaning'inia ufagio wenye mpini uliokatwa, ule aliotengenezewa mtoto. Anautoa, anaupuliza vumbi, anausimamisha sakafuni. Unamfika kiunoni.

"Huu ulikuwa unamfika kidevuni," anasema, akiupima kwa kiganja. "Jumamosi hautamfaa tena."

Anautundika mahali pake, kisha anachagua ufagio mwingine, wenye mpini mrefu, na kuuegemeza mlangoni kando ya wake.