Chenza la Habari Mbaya

Mpimaji wa maabara moja ya Fukuoka hutoka kwenye chumba cha giza vidole vikinuka mafuta ya kubandikia kioo cha kipimo. Huko ndani huuzungusha utando mwembamba uliotengenezwa na mwanafunzi taratibu mbele ya mwanga, aone kama molekuli zake zinazong'aa zimelala, jambo zuri kwa taa, au zimesimama na mwanga unapotelea ndani. Habari mbaya haitamki. Humenya chenza, akampa mwanafunzi huyo mkononi. Leo, baada ya miaka miwili ya kuhangaikia utando wake, mwanafunzi Chihaya alimwona akitoka huku anamenya chenza.

"Usinipe hilo, dada, nakuomba," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kakwambia ni lako?" Mpimaji akatupia kipande kinywani mwake, akatafuna bila haraka. "Zimelala zote."