Mgeni wa Boti ya Asubuhi

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, Salumu mwanangu, na jana ulipopiga simu kutoka Mikumi ulinikumbusha upya. Ulikuwa umechangamka. Ukaniambia umesikia redioni kwamba ipo mipango ya kuleta boti mpya za abiria, ziendazo kasi kuliko hizi za sasa, zipite pwani yote, Tanga, Pemba, Unguja, Dar, mpaka Mtwara. Nami nikafurahi, maana maendeleo si ya kuchukiwa. Halafu ukasema, "Sasa baba, kwa bibi si nisubiri tu? Boti hizo zikianza, nakwenda kumwona na kurudi siku hiyo hiyo. Hata ruhusa kazini siombi." Nikanyamaza. Ukadhani mtandao umekatika, ukaita haloo, haloo, mwisho ukakata. Mtandao ulikuwa mzima, mwanangu. Ni mimi niliyerudi kwenye siku ile.

Ndiyo maana leo nakutumia sauti hii. Jirani kanionyesha pa kubonyeza. Nasikia siku hizi vijana mnaiongeza sauti kasi ili mtu aongee upesi, amalize. Hii yangu usiiongeze, tafadhali. Nisikilize kwa mwendo wangu.

Mama yako nilimpata Dar es Salaam, alikokuja kumtembelea shangazi yake. Mimi kijana wa Kilosa, mjukuu wa mtu aliyeletwa huku na kazi ya reli, maji mengi niliyoyajua ni ya mto Mkondoa. Nilipopeleka posa Unguja, ndugu zake walikunja nyuso. Mtu wa bara huyu, wakasema, atamchukua mtoto wetu na siku ya shida hatutamwona. Babu yako, mzee Haji, fundi viatu, ndiye aliyewanyamazisha. Alinishika mkono barazani mbele yao wote, akasema, "Huyu si mgeni. Huyu mtoto wangu." Basi. Maneno yale ndiyo yaliyonipa mke, na wewe ndiyo yaliyokuleta duniani.

Mzee alipofariki, mama yako alikuwa kule tangu baba yake alipoanza kuumwa. Mimi habari ilinikuta hapa Kilosa. Wakati huo boti za kasi ndiyo kwanza zimeanza kati ya Dar na Unguja. Zamani ulipanda meli, ukatapika, ukalala, ukaamka, na Unguja bado hujaiona. Sasa kila mtu anazisifia hizo boti, na mimi sikuwa nimezipanda. Na hapa ndipo pa aibu, mwanangu, nakwambia bila kuficha: nilipoambiwa mkwe wangu amekufa, nilihuzunika, lakini na boti niliiwaza. Nikapita pale stesheni penye benchi la kahawa, nikawaambia wenzangu, "Mtaona. Asubuhi nakunywa chai Dar, mchana natoa mkono wa pole Unguja, jioni nakula Dar." Ruhusa kazini nilikuwa nayo ya kutosha. Mpunga wa shamba letu la Kilangali tulishavuna. Hakuna kilichonikimbiza ila sifa.

Nilifika Unguja mazishi yamepita, hitima ni kesho yake. Wanaume wamekaa kwenye mikeka barazani, wanawake ndani. Bibi yako alikuwa ameshaingia eda, amekaa chumbani kwa nguo nyeupe. Mimi mkwe ni kama mwanawe, nikaruhusiwa kuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umefika. Mkeka wa baba yako nimekutandikia pale ukumbini, utalala hapo. Kesho hitima, utasimama na shemeji zako kupokea watu."

Sikiliza nilichomjibu, tena huku natabasamu. Nilisema, "Aa, mama, mimi nimepita mara moja tu. Boti ya jioni itaniacha. Siku hizi mbona ni karibu? Hata kila mwezi nitakuwa nakuja."

Nimepita! Watu wanapita sokoni, mwanangu. Matanga hayapitiwi, matanga yanalalwa. Mtu anayelala matanga anaacha kitanda chake, analala chini na wafiwa, anakula wanachokula, mpaka siku ya kuanua. Hilo hata sisi wa Kilosa tunalijua, wala sikuhitaji kuvuka bahari kufundishwa. Mama yako akainamisha uso. Bibi yako hakununa, akawaita wasichana waliokuwa uani.

"Mleteeni mgeni chai," akasema. "Na kikombe cha wageni, msisahau."

Kikaja kikombe cha udongo chenye maua, na kisahani chake, na biskuti pembeni. Wenzangu wote mle ndani wanakunywa kwa vikombe vya bati vya msibani. Loo, na mimi mjinga nikanywa! Nikamaliza, nikasifu na tangawizi. Sikuwa nimeelewa kwamba neno la marehemu, lile la barazani, limefutwa palepale mbele yangu kwa kikombe cha chai.

Mama yako ndiye aliyenieleza, tena mlangoni nikiwa nimeshika viatu. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba alikuita mtoto mbele ya watu. Leo mbele ya watu wale wale umejiita nini?" Nikamjibu boti itaniacha. Wallahi, ndilo jibu nililompa mwanamke aliyefiwa na baba yake. Nikatoka, na nikipita barazani nikamsikia mmoja wa wale ndugu akisema, "Si tulisema?" Hakunisema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeona mvua imenyesha baada ya mawingu.

Niliporudi Kilosa nilikwenda pale kwenye kahawa kusimulia, maana nilishaahidi. Nikaanza: chai Dar, pole Unguja, chakula cha jioni Dar. Alikuwepo Shabani, Mzigua, mtani wangu, mtu asiyekopesha neno. Akanikatiza. "Kwa hiyo bwana, wewe ulikwenda msibani au ulikuwa unakimbiza mwenge?" Benchi zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, kisha nikalipa kahawa nikaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikimbia kabla halijatoka ghalani.

Nilidhani yamekwisha. Nikaenda Unguja mara nyingine, na zawadi, na mchele wetu, na bibi yako akinipokea vizuri kabisa. Ila kila mara alisema, "Mgeni kafika? Mpeni mgeni kiti." Kwa upole, hata kwa kutabasamu. Na kikombe ni kile kile cha maua.

Kisha babu yako wa huku, baba yangu mzazi, akafariki. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Ilikuwa masika, Mkondoa umefurika, reli haipitiki, na barabara upande wa Magole imekatwa na maji. Hata ndugu zetu wa Munisagara, hapo tu jirani, walichelewa. Nikamwambia mama yako kwamba watu wa Unguja tusiwatarajie, na moyoni nikaona nafuu. Ndiyo, nafuu, maana ningewatazamaje?

Siku ya pili, alasiri, akatokea mwanamke amevaa buibui lililoloa tope mpaka magotini, ameshika mkeka kwapani. Bibi yako. Bahari ilimtapisha njia nzima. Basi lilipokwama alishuka, na pale Magole kijana asiyemjua alimbeba mgongoni kumvusha maji. Yule mama wa heshima zake, anayejifunika hata kwa upepo, kabebwa mgongoni kama mtoto! Nikakimbia kumletea kiti.

"Kiti cha nini?" akaniambia. "Kiti ni cha mgeni. Mimi nimekuja kwangu."

Akatandika mkeka wake katikati ya wanawake akakaa. Alilala chini pale kwetu mpaka matanga yakaanuliwa. Alichambua mchele. Alisugua masufuria na akina mama wa Kilosa asiowajua hata majina, na walipoimba nyimbo za kanisani wale majirani zetu Waanglikana waliokuja kutufariji, yeye alikaa nao kimya mpaka wakamaliza, akawashukuru mmoja mmoja. Hakunikumbusha kitu. Angenitukana ningepumua, mwanangu. Kila nikipita uani nikamwona ameinama kwenye sufuria, nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza, nikajikaza. Nikasema, "Mama, ile siku ya mzee Haji, mimi..." Akanishika mkono kunizuia.

"Matanga ya mtu hayaanuliwi mara mbili, baba," akasema. "Yaache." Akapanda gari. Kisha akatoa kichwa dirishani, "Haya, mgeni wangu, baki salama."

Tangu siku hiyo mpaka leo ananiita hivyo. Huenda ni utani tu sasa, kazoea. Mama yako anasema ni utani. Mimi sijawahi kuwa na uhakika, na kumuuliza naona haya. Uzee huu wote nilionao, nina jambo moja ambalo sijaweza kulirudisha mahali pake.

Sasa bibi yako mgonjwa. Mama yako yuko kule anamuuguza, na juzi kanipigia akasema bibi anaongea kwa shida, lakini ameuliza, "Mgeni wangu yuko wapi? Na mwanawe?" Umesikia? Ametuunganisha. Nami, mwanangu, sijaondoka. Nimekuwa nikijiambia nakusubiri wewe, na kumbe naogopa kwenda peke yangu. Wewe unasubiri boti ambayo bado ni mipango, mimi nakusubiri wewe, na mgonjwa anatusubiri wote. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea miaka mingi, sitaki aje kukaa kwako.

Basi neno langu ni hili. Boti mpya zikija, zipande, na mimi nikijaaliwa nitazipanda, hata mbele kabisa nitakaa. Chombo hakina kosa. Kosa ni la anayeona kwamba kwa kuwa safari imekuwa fupi, na kukaa na watu wake nako kufupishwe. Ukipunguziwa mwendo njiani, ule muda ulioupata uache kule ulikokwenda, usirudi nao. Na mgonjwa haahirishwi. Mgonjwa anaendewa kwa chombo kilichopo, hata kiwe kibovu, kama bibi yako alivyokuja kwetu kwenye mgongo wa mtu.

Kesho omba hiyo ruhusa. Wakikunyima omba tena, kwa adabu. Njoo Kilosa tupande treni ya umeme mpaka Dar, na bandarini ukate tiketi za kwenda tu, yako na yangu. Ya kurudi usiikate. Hiyo tutaikata wenyewe wa kule wakishatuambia, haya, nendeni. Mkeka nimeshanunua, wa ukindu, mpana, tutalala wote wawili ukumbini pale nilipotandikiwa nikakataa.

Mungu akufikishe salama, mwanangu, akukutanishe na bibi yako angali na kauli. Akuzidishie watu wa kukuita mtoto, na akuepushe na kikombe chenye maua katika nyumba ya watu wako. Amina. Sasa nitafute pa kubonyeza nisimamishe.