Mkate wa Kwanza

Mama Tanuri hakuwa mtu wa kupayuka, lakini asubuhi ile alishusha pumzi mpaka unga ukapeperuka mezani. Binti yake wa kumzaa alikuwa amebandika tangazo juu ya pipa la unga: MARUFUKU KULA BIDHAA KAZINI.

"Mama, sisi sasa ni kampuni. Kampuni haili mali yake."

Tangu marehemu mumewe ajenge tanuri lile la mikate, mkate wa kwanza haukuuzwa. Uliliwa palepale, wa moto, wote wamesimama, na aliyegombana na mwenzake hummegea huyo kwanza. Ndivyo ugomvi ulivyokwisha humo ndani.

Sasa hauishi. Wakandaji wawili wa unga wamenuniana kama wake wenza. Na Shemeji, mdogo wa marehemu na mshika moto, ambaye bila yeye tanuri lile ni shimo tu la masizi, jana binti alimgombeza mbele za watu kwa mikate iliyoungua. Leo hakumegewa kitu. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akamwambia Mama Tanuri:

"Shemeji, mimi basi. Nakwenda zangu."

"Na moto ataushika nani?"

"Iulize kampuni."

Akatoka. Mama Tanuri akamgeukia binti, aliyeinamia kamusi kubwa ya Kiingereza akitafuta maneno ya kibao cha mlangoni.

"Hebu nisomee. Hiyo kampuni ni mdudu gani, hata anifukuzie watu?"

Binti akasoma kwa madaha. "Neno hilo Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa. Ni watu wanaofuatana. Ni wageni walio nyumbani kwako, ni kikosi cha askari, ni wafanyabiashara walioungana. Na asili yake, kwa Kilatini..."

"Soma, mwanangu, usimeze."

"Wanaokula mkate pamoja."

"Ee Mola, nizuie ulimi! Nililokuimbia tangu unanyonya, hukulisikia mpaka uambiwe na Walatini?"

Hakungoja jibu. Alivuta mkate tanurini, akautia mikononi mwa binti, wa moto vilevile. "Mkimbilie baba yako mdogo!"

Binti akatoka mbio, akiurusha mkate mkono huu na huu. "Baba mdogo, ngoja! Nisamehe!" Akamkuta getini, akammegea. Shemeji akatafuna taratibu, makusudi, huku binti amesimama akipuliza vidole.

"Chini mbichi," akasema. "Nani kaacha mlango wa tanuri wazi?"

Akarudi ndani akinung'unika, akaichukua aproni yake. Mama Tanuri akaangalia: mlango aliuacha wazi yeye mwenyewe, alipokuwa akisikiliza kamusi.

"Kampuni!" akafyonya, akaufunga kwa teke.