Miguu ya Kuanika Ndakala

Uwanja ulio mbele ya nyumba yangu ulikuwa wa wafanyakazi wa reli. Kila Jumapili fanfari, bendi ya tarumbeta, ilipiga hapo, wanaume wakiwa na viatu vilivyong'aa, na jioni tuliingia kwenye klabu kucheza rumba juu ya sakafu ya mbao. Mbao zile ziling'olewa zikawa kuni. Ukumbi siku hizi ni depo ya saruji. Na uwanjani, mahali pa fanfari, watu wazima wenye akili zao wanarusha sahani za plastiki.

Ninasema hivyo mapema ili msomaji ajue nilikuwa upande gani. Lakini habari ninayoandika ni ya jirani yangu Mama Émérence, na mtu hawezi kuandika habari za Mama Émérence akiwa amekunja uso mpaka mwisho.

Mzaliwa wa Zongwe, aliolewa Kalemie na Rubens, fundi wa mashine za maboti, mtu wa maneno machache na yote ya kuchekesha. Kazi ya mama huyu ni kuanika ndakala, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi wakifika asubuhi, yeye hununua, huosha, halafu huenda kwenye mchanga wake ulio nyuma ya nyumba zetu. Beseni huliegemeza kwenye nyonga ya kushoto. Mkono wa kulia huchota samaki na kuwamwaga kwa mzunguko mpana, kutoka kushoto kwenda kulia, nao huanguka mmoja mmoja bila kulaliana. Nimekaa miaka mingi nikimtazama kutoka dirishani na sijaona mtu anayemwaga vizuri kama yeye. Baada ya hapo ni kuwageuza jua likiwa kali, na mvua ikitishia, ni kukimbia.

Mchezo wa sahani uliletwa na mmishonari mmoja kijana aliyekaa kwetu kidogo kisha akahamishwa. Aliacha vikapu vya chuma vilivyotundikwa minyororo, na sahani za kutosha. Unasimama kwenye mstari, unarusha kuelekea kikapu, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena, mpaka minyororo ilie. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Sijui kama hilo ni jambo la kumtoa mtu nyumbani. Mama Émérence lilimtoa. Siku moja sahani ilianguka katikati ya ndakala zake. Aliiokota, akaitazama, akairudisha kwa ule mzunguko wa mkono wake, ikaingia kikapuni. Tangu siku hiyo Mwalimu Pascal, anayefundisha mazoezi ya mwili shuleni na ndiye mkubwa wa timu, hakumwacha tena.

Karibu na kikapu hakuna aliyemweza. Tatizo lake lilikuwa mbali. Upande wa chini wa uwanja kijito kinashuka kwenda ziwani, na kikapu cha mwisho kimesimama ng'ambo. Kuna mistari miwili ya kurushia: wa nyuma, na wa mbele ambako kijito ni chembamba. Wanaume walikuwa wakisimama nyuma. Mama Émérence alisimama mbele, na mara nyingine hata hapo sahani ilikata kushoto na kuzama.

"Mama, nenda na ndoano," Isidore alikuwa akimwambia. Huyu Isidore ni deklaran wa duane, wakala wa forodha pale bandarini, kijana wa shati lililonyooka, na ndiye aliyerusha mbali kuliko wote. Hakuacha mtu asahau hilo.

"Nitakuja na wavu," Mama Émérence alimjibu. "Nikuvue na weye pamoja, nikuanike."

Halafu wachezaji wa Kigoma wakatuma mwaliko. Timu ya watu wanne ivuke ziwa, ilale kule, icheze. Mwalimu Pascal alisema kwamba Kigoma viwanja ni virefu na mstari wa mbele hakuna. Kwa hiyo Jumapili kabla ya boti kuondoka, kila anayetaka kwenda arushe kutoka mstari wa nyuma, mirusho miwili, na mmoja uvuke kijito. Asiyevusha atabaki.

Nilimwambia Mama Émérence kwamba Kigoma ameshakwenda mara nyingi, atafuata nini.

"Nimeenda na magunia, Papa Nicolas," alisema. "Kila mara niko juu ya magunia sawa kuku. Nikishuka, wananiuliza, ndakala iko wapi, bei gani. Hakuna hata mutu moja aliniuliza jina. Mara hii ninataka kushuka mikono mitupu. Wakiniuliza nimeleta nini, niseme, nimekuja kucheza."

Hilo nililielewa. Sikumwonyesha.

Mazoezi yakaanza. Mwalimu Pascal alimweka kwenye mstari wa nyuma, akamwambia arushe, akazunguka akimtazama kama fundi anayesikiliza mashine. Sahani ikaenda nusu ya njia.

"Mama, mkono ni muzuri," alisema. "Lakini kwa nini miguu yako haitoki?"

"Itoke iende wapi? Ikanyage samaki?"

Wote walicheka, na yeye akacheka zaidi yao, kisha ghafla akatazama nyasi chini ya miguu yake. Samaki hawakuwepo. Lakini nyayo zake zilikuwa zimejikita vile vile kama kwenye mchanga, ambako ukimwaga husogei, kwa sababu hatua moja ni ndakala ishirini zilizopondeka. Mwili wote ulikuwa umejifunza kusimama. Mkono ulibaki peke yake na kazi, tena ulizunguka mbali na kifua, na nguvu ikamwagika njiani.

Mwalimu alimweleza taratibu, na lazima nikubali kwamba alieleza vizuri. Simama ubavu ukielekea kikapu. Mguu wa kulia hatua moja. Wa kushoto upite nyuma ya wa kulia. Wa kulia tena, mrefu, uguse kwa kisigino. Hapo ndipo kiuno kigeuke, na kiuno ndicho kivute bega, na bega livute mkono. Sahani ipite karibu na kifua kwa njia iliyonyooka, pua yake isiinuke, maana ikiinuka itapanda juu na kuanguka kama jani. Ukimaliza, geuka juu ya kisigino, usije ukaliumiza goti.

Mama Émérence alishika yote. Aliweza kuyasema kama katekisimu. Lakini alipofanya, alikwenda hatua zake tatu kwa uangalifu, akasimama, akahakikisha miguu iko mahali pake, ndipo akarusha kwa mkono mtupu kama zamani. Alifanya hivyo wiki nzima. Jioni alirudia uani kwa kifuniko cha sufuria.

"Maharagwe yanaiva bila kofia," Rubens alilalamika kutoka jikoni.

"Yavumilie. Hata mimi ninavumilia."

Jumamosi radio yangu ilikuwa dirishani. Kuna saa moja ya muziki wa zamani, saa pekee katika wiki ambayo radio ile inastahili betri zake. Mama Émérence alikuwa ng'ambo ya ua akienda hatua, akisimama, akienda, akisimama. Ilinikera. Sikukereka kwa ajili ya mchezo. Ni kwamba alikuwa akiharibu rumba.

"Unasimama kwa nini?" nilimuuliza. "Gitaa halijasimama."

"Ninapanga miguu."

"Miguu haipangwi kama magunia. Nyie mnacheza kuanzia kiunoni kwenda juu, mnatikisika kama watu wenye homa. Sisi tulicheza kwa miguu."

"Basi onyesha, Papa Nicolas. Unasema tu."

Mke wangu marehemu, Victorine, alikuwa akiniambia maneno hayo hayo. Nilitoka nje na ndara zangu. Pale klabu tulikuwa na mwendo wetu wa kwenda ubavu: mguu mmoja, mwingine unapita nyuma yake, wa kwanza unafika. Siri yake haikuwa miguuni tu. Mabega yalichelewa. Miguu ilikwenda na besi, mwili wa juu ukaja nyuma yake bila haraka, kama mtu aliyeitwa na bado anamalizia chai. Mgeni aliyeleta mabega pamoja na miguu tulimjua toka mlangoni.

Nilimwonyesha mara kadhaa, magoti yangu yakilalamika. Rubens alitoka jikoni na mwiko kutazama.

"Kumbe Papa iko na miguu," alisema.

Mama Émérence alijaribu. Mara ya kwanza alisimama. Mara ya pili alinitazama usoni badala ya kutazama chini, na besi ikamchukua. Kulia, kushoto nyuma, kulia. Kisigino kiligusa ardhi wakati mkono ungali nyuma kabisa, kiuno kikageuka, na mkono ukaja baadaye, peke yake, kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea. Kifuniko kiliruka ua wangu, kikaruka paa la choo, tukakisikia kikilia kwa jirani wa tatu.

"Njo hivyo?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ndivyo tulivyocheza," nilisema.

"Na kifuniko nani atakifuata?" Rubens aliuliza.

Jumapili ile ziwa lilitoa samaki kama halijawahi kutoa. Maboti yalichelewa kwa uzito. Mama Émérence alimwaga ndakala tangu misa ya kwanza, na alipofika uwanjani alikuwa bado na kitenge cha kazi na magamba mikononi. Wenzake walikuwa wamekwisha kurusha. Isidore peke yake alibaki, kwa kuwa alitaka watu wajae kwanza. Alikuja kwa mbio, akatumia nguvu zote za shati lake, mkono ukatangulia kabla mguu haujatua, na sahani ikaenda pembeni na kuzama. Mrusho wa pili alitembea taratibu kama Mkristo, akavusha vizuri.

"Ile ya kwanza nilikuwa ninapima maji," alisema.

Zamu ya Mama Émérence ikafika. Alikuwa na sahani moja tu ya kurushia mbali. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasimama ubavu, na mimi niliyekuwa kwenye kiti changu niliona kwa miguu yake kwamba mambo yameharibika. Nyayo zilijikita. Tangu alfajiri alikuwa kwenye mchanga, na mwili ulikuwa bado huko. Hatua, hatua, hatua, kituo, mkono. Sahani iligusa maji katikati ya kijito, ikaelea kidogo kama inafikiri, ikazama.

Hakuna aliyecheka. Mama Émérence alibaki akitazama maji. Mrusho mmoja ulibaki na hakuwa na cha kurusha.

Isidore ndiye aliyemfuata. Alimpa sahani yake mwenyewe, ile nyekundu ambayo haazimi mtu.

"Shika, Mama. Ikizama, utanipikia samaki ya mikebuka mwaka muzima."

"Na ikivuka?"

"Ikivuka nitakupikia mimi. Lakini hautakula, ninajua kupika vibaya."

Alicheka, na kicheko kile kilimsaidia kidogo. Lakini bado hakusogea. Akageuka kunitafuta kati ya watu.

"Papa Nicolas. Imba."

Nilisema hapana. Nilisema mimi ni mzee, si radio. Watu wote walikuwa wakinitazama, hata mama wauza beignets, yaani maandazi, waliokuwa wakipita. Tangu Victorine afe sikuwa nimeimba, na mbele ya vikapu vile ndipo mahali pa mwisho ningechagua. Lakini nilimwona mama yule na kitenge chake kinachonuka ziwa, akiwa na mrusho mmoja kati yake na boti, nikasimama. Sikuimba maneno. Niliimba besi, kwa mdomo, pum, pu-pum, kama yule mpigaji wetu mrefu wa klabu, mtu wa Ankoro, alivyokuwa akiipiga. Rubens akapiga ngoma kwenye kiti changu kwa viganja.

Mama Émérence aliacha nyayo zake zitoke ardhini. Alitikisika kidogo, akangoja mzunguko mmoja, akaenda. Kulia, kushoto nyuma, kulia, kisigino. Mabega yalichelewa kama mabega ya watu wa klabu. Sahani nyekundu ilitoka chini, imelala sawasawa, ikapita juu ya maji, ikapita ukingo, ikaenda kutulia kwenye majani mbali kuliko ya Isidore. Yeye mwenyewe aligeuka juu ya kisigino mpaka akatuangalia sisi, kwa hiyo hakuona ilipoangukia. Aliiona kwenye nyuso zetu.

"Imevuka?" aliuliza.

"Imevuka na imepotea," Isidore alisema, akivua viatu ili aifuate. "Naweza kuiona, lakini kwa darubini."

Boti iliondoka na watu wanne, mmoja wao akiwa na mkoba mdogo wa begani na hakuna kingine. Kule walishindwa. Rubens alipigiwa simu akanisimulia: wa Kigoma walikuwa wakali, Isidore alipoteza sahani mbili, Mama Émérence akawa wa tano kati ya wote, na pale gati mwanamke mmoja aliyemjua kwa magunia alimuuliza bei ya ndakala. Akamwambia leo hauzi, anaitwa Émérence, na amekuja kucheza.

Na ndakala za Kalemie hazikungoja arudi. Rubens alinunua, mimi nikamwaga, mzee niliyewahi kuvaa tai kwenye ofisi ya telegrafu ya reli. Nilibeba beseni kwenye nyonga, nikazungusha mkono, nikaziona zikilaliana kama mbwa kwenye baridi. Nikataka kusogea kidogo ili nizitawanye, nikashindwa. Zilikuwa zimenizunguka pande zote, na miguu yangu ikagoma.

"Papa Nicolas," Rubens aliniita kutoka kivulini, "cheza sasa."